Baiskeli "kama mpya": kisa cha shemeji na triathloni yake ya kwanza

Fundi alilishika tairi kwa mikono miwili, akalizungusha taratibu, akaliminyaminya kama mtu anayechagua embe sokoni, kisha akaniinulia macho. "Bosi, hapa tyubu inatokea wapi?"

Haitokei. Tairi lile limeshonwa kwa ndani mzunguko mzima, tyubu imefungiwa humo humo, na tairi zima limegandishwa kwenye ringi kwa gundi. Halina ukingo wa kuchomeka spana ukalibandua kama tulivyozoea. Fundi huyu wa Mwananyamala anatengeneza baiskeli tangu enzi za Phoenix. Ana beseni lake la maji, ana viraka, ana solusheni, na mikono yake naiamini kuliko ya mtu yeyote mjini hapa. Lakini tairi la namna hiyo alikuwa analiona kwa mara ya kwanza. Pembeni yetu shemeji yangu amesimama kwenye jua la saa nne, kavaa nguo za kubana za baiskeli, watoto wa jirani wanamzunguka kumshangaa.

Baiskeli ilikuwa na siku tisa tu tangu aitoe Masaki.

Ilivyoanza

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Ana miaka 34, ofisi yake iko Posta, na ni mtoto wa Msasani, kwa hiyo bahari hakujifunza ukubwani. Kukimbia anakimbia. Katika michezo mitatu ya triathloni alichokuwa hana ni baiskeli tu.

Umbali wa Olimpiki, ule ulioingia kwenye Michezo ya Sydney mwaka 2000, ni kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Umbali mfupi, unaoitwa sprinti, ni nusu ya huo: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Tulikubaliana aanze na nusu. Uchukue umbali wowote kati ya hiyo miwili, baiskeli ndiyo inayokula muda mrefu zaidi, kwa hiyo hakukosea kuipa uzito.

Usiku mmoja akanitumia picha tatu kwa WhatsApp. Mgeni mmoja anamaliza mkataba, anahama nchi, anauza vitu vyake: friji, makochi, feni, na baiskeli ya triathloni ya kaboni, nyeusi, imeegemezwa kwenye ukuta mweupe. Bei milioni mbili na laki nne. Maelezo yalisema haijatembea barabarani miaka miwili, iko kama mpya. Chini yake shemeji ameandika: "Shem, hii si ya kukosa. Kuna mtu mwingine anakuja kuiangalia kesho."

Nilivuta picha, nikaitazama fremu, nikaona ringi pana zinazong'aa, nikaandika neno moja: "Chukua."

Naliweka neno hilo hapa kwa sababu watu wakisimulia visa vya namna hii huanza na muuzaji. Mimi naendesha baiskeli ya mbio mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipaswa kuuliza maswali manne kabla ya kuandika neno lile, na sikuuliza hata moja.

Baiskeli yenyewe ni ya namna gani

Kwa asiyeijua: baiskeli ya triathloni ni ndugu wa baiskeli ya mbio, lakini mlalo wake ni mwingine. Bomba linalobeba siti limesimama wima zaidi, karibu nyuzi 78, wakati kwenye baiskeli ya mbio ni kama 73. Hilo linamsogeza mwendeshaji mbele, juu ya pedali, ili aweze kulala kifua bila magoti kumgonga tumbo. Mbele kuna vyuma viwili virefu vilivyotokeza kama pembe, na nyuma ya pembe kuna mito miwili ya kuegemezea viwiko. Unalala pale, mikono imekutana mbele ya uso, mgongo umenyooka kama ubao.

Lengo ni upepo. Hewa ndiyo inayokula nguvu nyingi za mwendesha baiskeli akishavuka kilomita 30 kwa saa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hugonga mwili wake, baiskeli inapata iliyobaki. Tena hesabu yake ni kali: ukitoka mwendo wa 20 ukaenda 40, nguvu ya kuishinda hewa haiwi mara mbili, inakuwa mara nane. Kwa hiyo kulala kunalipa. Kunalipa kwa mtu anayekwenda kasi, kwenye barabara isiyokatika, akiwa amelala muda wote.

Breki, na hapa nitarudi, haziko kwenye pembe. Kwenye pembe kuna gia tu. Breki ziko pembeni, kwenye usukani wenyewe.

Siku tisa

Siku ya kwanza alilalamika shingo. Nikamwambia utazoea. Siku ya tatu alisema vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi, na sehemu nyingine ambayo sitaiandika hapa nayo inakufa ganzi. Nikamwambia inamisha pua ya siti kidogo. Nilikuwa natibu homa bila kupima malaria.

Siku ya tano, kwenye taa za St. Peter's, taa ikawaka nyekundu, akasimama, akasahau kuwa viatu vimebanwa kwenye pedali. Akaanguka upande, polepole, kama mnazi uliokatwa, mbele ya daladala iliyojaa. Konda akachungulia dirishani: "Pole kaka, panda gari." Hilo si kosa la baiskeli, kila mwenye pedali za kubana ameanguka hivyo angalau mara moja. Nimelitia kwa sababu linachekesha.

La siku ya saba halikuchekesha. Tulikuwa Toure Drive alfajiri, bahari mkono wa kulia, yeye mbele amelala kwenye pembe, mimi nyuma yake. Saa yangu inasoma kilomita 32 kwa saa. Bajaji iliyokuwa imeegeshwa kushoto ikageuka bila taa. Nilimwona akiinua viwiko, akihamisha mikono kwenda pembeni, akitafuta breki. Mwendo wa 32 ni karibu mita tisa kwa sekunde moja. Kuhamisha mikono kutoka kwenye mito hadi kwenye breki kulimchukua sekunde nzima, labda na zaidi kidogo, kwa hiyo mita tisa zilikwisha kabla baiskeli haijaanza kupungua mwendo. Ilipoanza, breki ya mbele ilishika na ya nyuma ilikuwa kama haipo. Alipita nyuma ya bajaji kwa upana wa kiganja. Dereva hata hakujua.

Siku ya tisa akapata pancha, na ndipo tukajikuta kwa fundi.

Tulichokikuta tulipofungua

Fundi alipoona hawezi kuligusa tairi, alifanya kitu ambacho mafundi wengi hawafanyi: alikiri. "Hii siijui. Lakini nyingine zote naziona, ngoja nikuonyeshe." Akaigeuza baiskeli miguu juu.

Breki ya nyuma ya baiskeli hiyo imefichwa chini kabisa, nyuma ya pedali, tumbo linatazama lami. Wameiweka pale ili upepo usiione. Mchanga unaiona. Fundi alichokonoa kwa bisibisi, ukatoka mchanga mweupe wa Coco Beach, umekandika na mafuta ya cheni mpaka umekuwa kama ugali. Akaikata waya ya breki na kuivuta kutoka ndani ya fremu. Ilitoka ya kahawia, na vumbi la kutu likamwagika kwenye kiganja chake.

Halafu akapanda mbele. Nati zinazokaza pembe zilikuwa zimeota kutu mpaka ufunguo haushiki. Alipofungua shingo ya usukani, beringi ya juu ilikuwa imesimama, haizunguki, inakwaruza. Wakati huo fremu nzima inang'aa, huku chini kwenye miguu ya fremu hakuna hata mkwaruzo wa kokoto.

Hapo ndipo nilipolitazama tena tairi la nyuma. Katikati limelika bapa, kama limepigwa randa, mashavu yake mapya kabisa. La mbele halijalika popote. Baiskeli inayotembea barabarani hailiki hivyo. Hii ilikuwa imefungwa kwenye mashine ya mazoezi ya ndani, ile ambayo gurudumu la nyuma linazungushwa dhidi ya rola huku baiskeli haiendi popote. Mtu akiwa amelala kwenye pembe, sebuleni, hakuna upepo wa kumkausha, jasho lote hutiririka mikononi na kudondoka sehemu moja: kwenye nati za pembe na shingo ya usukani. Jasho ni maji ya chumvi. Ongeza hewa ya Masaki, bahari pande tatu, miaka miwili.

Muuzaji hakudanganya. Barabarani kweli haikutembea.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo sikuuliza ni hili: hiyo miaka miwili ilikuwa inafanya nini? Maana kilomita chache si afya. Baiskeli iliyopigwa kilomita elfu tano ikafutwa kila siku ina hali bora kuliko iliyolowa jasho ikaachwa ukutani. Kutu ya nati unaiona kwa tochi ya simu. Beringi ya shingo unaipima kwa kuinua gurudumu la mbele na kuugeuza usukani kwa kidole. Tairi unalisoma kama tulivyolisoma sisi, tukiwa tumechelewa. Fremu ya kaboni nayo unaigonga kwa sarafu, hasa karibu na pedali na pale siti inapobanwa: sauti ikiwa kavu kila mahali halafu ghafla ikazizima mahali pamoja, ondoka. Hii ya shemeji fremu ilikuwa nzima.

Vipimo

Swali la pili lilikuwa la saizi. Tulirudi kwangu, nikatoa futi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpima shemeji, siku tisa baada ya kulipa milioni mbili na laki nne.

Unampima hivi. Asimame ukutani bila viatu, miguu imeachana kidogo, abane kitabu kigumu katikati ya mapaja akivute juu mpaka kigote kama anavyokaa kwenye siti. Kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni ndio urefu wa mguu wa ndani. Wake sentimita 79. Zidisha kwa 0.883, hesabu ya zamani ya wapanda baiskeli, unapata 69.8. Huo ndio umbali wa kuanzia, kutoka katikati ya ekseli ya pedali, ile inayopita ndani ya fremu, hadi juu ya siti. Unaweza kushusha au kupandisha kidogo, lakini hauwi mbali na hapo.

Siti yake ilikuwa 72.3, na haikushuka zaidi. Mlingoti wa siti ulikuwa umegota chini ndani ya fremu.

Sentimita mbili na nusu zinaonekana ndogo mpaka umwone mtu kwa nyuma. Kila pedali inapofika chini, kiuno kinamfuata kuitafuta, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na siti inamsaga. Ganzi ile ilianzia hapo. Mlingoti ungeweza kukatwa, ingawa kaboni haikatwi kwa msumeno wa bomba bila kujua unachofanya. Tatizo la mbele ndilo halikatwi. Fremu ilikuwa saizi 56, yeye ana kimo cha sentimita 168, na wa kimo hicho mara nyingi huangukia 50 au 52. Alikuwa anajinyoosha kufikia mito ya viwiko kama mtoto anayefikia sukari juu ya kabati. Shingo inavunjika kwa sababu hiyo, na vidole vinakufa ganzi kwa sababu hiyo.

Namba ya saizi yenyewe usiiamini sana, kila kiwanda kina 54 yake. Vipimo viwili visivyodanganya ni urefu wa kwenda juu kutoka ekseli ya pedali hadi kilele cha bomba la mbele, na urefu wa kwenda mbele kati ya pointi hizo hizo. Viwanda huviandika kwenye jedwali la kila modeli, na kwa futi na ukuta ulionyooka unaweza kuvipima mwenyewe kwenye korido ya muuzaji. Dakika tano.

Ringi na upepo

Swali la tatu lilikuwa ataiendesha wapi. Ringi zile pana za kaboni, zilizonifanya niandike "Chukua", zilikuwa na kina cha milimita 60. Mbele ya upepo ni nzuri. Upepo wa ubavuni ukizikuta, zinakuwa tanga.

Tulijua hilo Daraja la Tanzanite, baiskeli iliporudi barabarani. Ni zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, halina nyumba wala mti, na wakati huo kusi lilikuwa limeshaanza kukaza. Yeye ana kilo 61. Alipotoka upande wa Aga Khan akaliingia daraja, upepo wa baharini ukalikamata gurudumu la mbele ukalisukuma nusu mita kuelekea ukingoni mwa barabara. Akarudi, likasukumwa tena. Mikono ikatoka kwenye pembe, na kuanzia hapo mpaka Coco Beach hakurudi kulala.

Nikaanza kupima kitu ambacho nadhani ndicho kiini cha kisa hiki. Asubuhi iliyofuata tulizunguka mzunguko wetu wa kawaida wa kilomita 24: Oysterbay, Toure Drive, daraja, Barack Obama Drive hadi Kivukoni, na kurudi. Nilimfuata nyuma na saa, nikihesabu dakika anazolala kwenye pembe. Mzunguko ulichukua dakika 61. Kwenye pembe alikaa dakika 14. Muda mwingine wote kulikuwa na sababu: tuta, bajaji, kundi la wakimbiaji, mtu anapiga picha darajani, gari linatoka getini, mchanga barabarani, upepo. Na wastani wa mwendo ulikuwa chini ya kilomita 24 kwa saa, pale ambapo kulala hakulipi sana.

Yaani dakika 47 kati ya 61 shemeji alikuwa anaendesha baiskeli ya mbio mbaya: nzito kugeuka, imewekewa breki mahali pabaya, na ndefu kuliko yeye.

Tairi lililoshonwa

Lile tairi nililipeleka kwa fundi viatu.

Sikuwa natania. Kwa kawaida tairi la namna hiyo, linaloitwa tubula, likitoboka unaligandua, unafungua utepe wa ndani, unakata uzi sehemu ndogo, unavuta tyubu, unatia kiraka, unashona tena. Hiyo ni kazi ya ushonaji, na mshonaji bora ninayemjua anakaa chini ya mwarobaini karibu na soko, na sindano yake iliyopinda na uzi wa nailoni mweusi. Nilimweleza. Akalivuta tairi kwenye paja, akalifumua uzi kwa kisu cha kiatu, mishono kama kumi na miwili hivi, akanipa nafasi nitie kiraka, kisha akashona akipitisha uzi mule mule kwenye matundu ya kiwandani ili asitoboe mapya. Alifanya kazi kwa kimya dakika ishirini. "Hiki kiatu kina upepo," akasema, akacheka. Elfu saba.

Lilishika. Lakini gundi ya ringi zote mbili ilikuwa imekufa kwa uzee: ukitoa upepo ukalisukuma tairi kwa kidole gumba, lilinyanyuka. Tairi la gundi iliyokufa linaweza kuchomoka kwenye kona, na hilo halishonwi. Shemeji akaagiza matairi mawili mapya na gundi kwa jamaa aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Wiki tatu bila baiskeli.

Swali la nne lilikuwa la spea. Wakati anasubiri, tulizunguka maduka na mafundi, Kariakoo na Ilala, tukiuliza matairi hayo. Hakuna. Tukauliza tyubu za kawaida za magurudumu ya mbio zenye vali nyembamba ya Presta. Zipo, si kila duka, lakini zipo, pamoja na kile kidude cha shaba cha kuvisha kwenye vali ili pampu ya fundi yeyote wa mtaani iingie. Elfu mbili. Tukauliza kishikio cha gia ya nyuma cha fremu ile, kile kipande kidogo cha alumini kinachovunjika baiskeli ikianguka upande wa kulia. Muuza duka alikitazama, akakirudisha: "Hii ya kwake peke yake, bosi." Ni kweli. Karibu kila modeli ina cha kwake.

Hesabu

Shemeji ni mtu wa mahesabu. Alikaa mezani kwangu, akaandika nyuma ya bahasha: baiskeli 2,400,000, waya za breki na mikanda yake 40,000, nati 15,000, matairi 380,000, gundi 45,000, kidude cha vali 2,000, fundi viatu 7,000. Jumla 2,889,000, na bado haimtoshi.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuendelea nayo: kukata mlingoti, kutafuta shingo fupi ya usukani, kununua ringi za tairi la kawaida. Ya pili, kuiuza na kutafuta baiskeli ya triathloni ya saizi yake. Ya tatu, kurudi kwenye baiskeli ya mbio ya kawaida, na kuifunga pembe za kubana ambazo zinafungwa na kufunguliwa kwa nati nne.

Alitaka ya pili. Nilimpinga, na safari hii nilikuwa na sababu. Mashindano ya triathloni yako ya namna mbili. Kuna yale ambayo kumfuata mwenzako kwa karibu ukajikinga upepo ni kosa, lazima uache nafasi, mara nyingi mita 10. Hayo yanapokea baiskeli ya aina zote mbili. Kuna yale yanayoruhusu kufuatana, kama ya Olimpiki yenyewe. Hayo baiskeli ya triathloni hayaipokei kabisa, kwa sababu kundi la watu waliolala mbali na breki zao ni ajali inayosubiri kona. Baiskeli ya mbio inaingia kote. Na kwenye Toure Drive inaingia kila siku.

"Sasa shem, si nitaonekana nimeshuka daraja?" aliniuliza. Nilielewa. Kuna raha ya kuegesha kaboni nyeusi pale Coco watu wakaigeukia. Sikumjibu, nikamwonyesha namba 14 na namba 61.

Ya pili

Baiskeli ya pili tuliipata Ilala, kwenye mzigo wa mtumba wa Japani, imetundikwa katikati ya baiskeli za akina mama zenye vikapu. Alumini, saizi 52, rangi ya bluu iliyochoka, gia zinaingia. Safari hii tulikwenda na futi, tochi, na fundi wetu wa Mwananyamala, ambaye nilimlipa nauli na chakula cha mchana. Alizungusha magurudumu, akasikiliza, akavuta breki, akapima cheni kwa rula: pingili kumi na mbili nzima za cheni mpya ni inchi 12 kamili, ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi ni ya kubadilisha. Hii ilizidi. Tukaitumia kupunguza bei, tukalipa 680,000 na cheni nyingine kutoka kwenye rafu ya muuzaji juu yake.

Matairi na tyubu 120,000, waya na mpira wa breki 45,000, pembe za kubana 110,000. Jumla 955,000. Siti ilisimama 69.8 bila kulazimishwa.

Matunzo yake ni mafupi: kitambaa chenye maji baridi baada ya kila safari, hasa mbele ambako jasho linaangukia, kisha kikavu, kisha tone la mafuta kwenye kila pingili ya cheni. Haipelekwi kwa waosha magari, maana pampu yao inasukuma maji mpaka kwenye beringi. Taulo jembamba linafungwa kwenye usukani akifanya mazoezi ya ndani. Hilo la taulo alilianzisha mwenyewe.

Mwezi wa pili tangu aipate, tulivuka Kigamboni watu sita, Jumapili, tukafanya triathloni yetu wenyewe: mita 750 baharini, kilomita 20, kilomita 5. Hakuna namba kifuani wala kipaza sauti, ila sheria tuliziweka: kofia inafungwa mkanda kabla hujaigusa baiskeli, na haifunguliwi mpaka umeiegesha. Shemeji alitoka majini wa kwanza, kama tulivyojua. Barabara kule asubuhi ile ilikuwa tupu, akalala kwenye pembe karibu njia nzima ya kwenda, na kurudi alipokutana na kusi akabaki amelala, akipumua mdomo wazi. Kilomita 20 dakika 43. Kwenye kaboni, umbali huo huo barabara hiyo hiyo, alikuwa amefanya 45. Sisemi alumini ya mtumba imeishinda kaboni, mtu alikuwa ameongeza wiki saba za mazoezi. Ila alishuka akakimbia. Mara ya kwanza alishuka akakaa chini kwenye nyasi, akishika shingo.

Ile nyeusi tuliitangaza na kila kitu: beringi mpya, nati mpya, miaka miwili kwenye mashine, saizi 56, tubula. Watu watano waliuliza bei ya mwisho bila kuuliza kingine. Wa sita alikuja kutoka Mbezi Beach, kijana mrefu wa sentimita 184, tayari ana mashindano ya nje aliyojiandikisha. Alisalimia, akakataa soda, akatoa futi mfukoni, akapiga magoti pembeni ya ekseli ya pedali. Alipima kwanza kwenda juu, akaandika kwenye simu. Akapima kwenda mbele, akaandika. Akatoa upepo tairi la nyuma, akalisukuma kwa kidole gumba mzunguko mzima. Ndipo akauliza bei.

Walikubaliana milioni moja na laki saba. Shemeji alichukua bahasha yake ileile, akatoa: hasara 1,189,000, ambayo ingeinunua ile ya bluu na chenji ikabaki. Hakusema kitu. Akaingia ndani, akarudi na lile tairi la zamani, akampa yule kijana kama spea.

Kijana aliligeuza, akauona uzi mweusi. "Nani kashona hili?"

Shemeji akamwelekeza njia ya sokoni.